Mafuta ya Shemeji

1 Desemba, Jumapili

Kristina kanipa daftari hili leo tulipotoka kanisani. Amesema nikiwa na la kulalamika kuhusu gari niliandike humu, kwa sababu masikio yake yamechoka. Mimi ni dereva wa kikundi cha wafuga nyuki hapa Rungwa na sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko risiti, lakini amri ya mke ni amri. Isitoshe yeye ndiye mtunza stoo wa kikundi. Nyumbani ni mke, kazini ni bosi, sina pa kukimbilia.

Mvua imeanza. Barabara ya Itigi bado inapitika ila siku zake zinahesabika, na ikishakatika hakuna lori la mafuta litakalofika huku. Kristina aliliona hilo kabla yetu sote. Mwezi uliopita alinunua dizeli kwa mdogo wake Gerald, akaijaza kwenye mapipa mawili ya chuma tuliyokuwa tunawekea masega zamani, kabla hatujaambiwa asali iwekwe kwenye ndoo za plastiki tu. Aliyaosha mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni, na tumbo hilo mbele. Nilimwambia aache, nitaosha mimi. Akasema mtoto wake hatazaliwa njiani kwa kukosa mafuta.

Tumeshazika watoto wawili. Nesi Cecilia wa zahanati amesema huyu asizaliwe kijijini hata kidogo, azaliwe hospitali kubwa Itigi, kwa upasuaji, mwishoni mwa Februari. Safari yenyewe ni ya kutwa nzima, tena barabara ikiwa nzuri. Gari ni hili moja, Landkruza pikapu ya kikundi, iliyozaliwa kabla ya mke wangu.

9 Desemba, Jumatatu

Gari limenizimia. Niliondoka alfajiri kupeleka mizinga mipya Mitundu, na kufika kwenye tope la kwanza likaishiwa nguvu, likakohoa kama mzee wa tumbaku, likanyamaza. Nikalegeza nati pale kwenye filta, nikapiga pampu ya mkono, nikatoa upepo wote uliokuwa ndani. Jua lilipopanda gari likawaka na kwenda vizuri mpaka Mitundu na kurudi. Hewa tu, nimeshaitoa.

14 Desemba

Mvua. Hakuna safari. Kristina amekula embe bichi na chumvi mpaka meno yakamfa ganzi.

17 Desemba, Jumanne

Limezima tena asubuhi, karibu palepale. Nimefunga filta mpya. Mpaka namaliza kufunga na kunawa mikono jua lilishakuwa kali, nikaliwasha likanguruma kama limetoka kiwandani jana. Nimerudi nyumbani najisifu. Kristina akasema, "Haya fundi, karibu chakula." Ana dharau huyu mwanamke, nampenda.

20 Desemba

Na filta mpya, limezima. Safari hii sijatafuta mchawi mbali. Mafuta yana maji.

Gerald anauza kila kitu pale kibandani kwake: dizeli, vocha, ndala, betri za redio. Dizeli anaileta kwa madumu kutoka Itigi, na anayejua alichochanganya njiani ni yeye na Mungu wake. Nilimfuata. Akainuka kwenye kigoda kwa heshima zote, maana huyo ukimtukana anakusalimia.

"Shikamoo, shem."

"Marahaba. Dizeli uliyomuuzia dada yako umeitia nini?"

"Nimeitia nini tena? Ni dizeli, shem."

"Dizeli gani inayozimisha gari kila asubuhi?"

"Labda kuna kitu kwenye gari. Mbona wenye trekta hawajalalamika?"

Nikamwambia wenye trekta hawana mke mjamzito. Wateja wake wawili walikuwepo wakasikia, na nilitaka wasikie.

25 Desemba

Krismasi. Gerald alituletea kuku. Nilimla bila kusema asante.

4 Januari, Jumamosi

Nimefanya kipimo. Nilifungua koki ya chini ya filta nikakinga dizeli kwenye chupa nyeupe, nikaiweka juani kutwa nzima. Maji yangekuwepo yangekaa chini. Hakuna maji. Dizeli inang'aa.

Gerald alipita akaiona ile chupa, akacheka kidogo, kisha akasema, "Shem, kwa nini usipime hivi: funga dumu la mafuta juu ya boneti, leta mpira moja kwa moja kwenye pampu, acha tangi pembeni. Likitembea, ugonjwa uko kwenye tangi. Likizima, ni pampu."

"Dumu la mafuta yapi?"

"Nitakupa mimi, dumu jipya."

"Yaleyale ya kwako? Nenda zako, Gerald."

Kristina alinisikia. Tulipokuwa tunakula akasema kwamba Gerald amelelewa na yeye tangu mama yao afariki, alimbeba mgongoni huku anakwenda shule kule Ikungi, na kwamba nikimchukia namchukia na yeye. Nikasema simchukii, nachukia mafuta yake. Akasema hayo nimwambie mtoto nitakayemzaa mimi.

11 Januari

Mvua. Barabara imekatika karibu na mto, ikatengenezwa, ikakatika.

15 Januari

Mtoto amenipiga teke la mgongo nikiwa nimelala. Kristina anasema amechoka kusikia habari za filta. Nimeamka nikiwa na furaha ambayo sitaki kuiandika sana.

22 Januari, Jumatano

Nimeshusha pampu yote. Nimeifungua kwenye turubai, nimeosha kila kipande, nimepuliza mabomba yote kwa mdomo mpaka ladha ya dizeli ikakaa kwenye chai. Hakuna kilichooza, hakuna kilichopasuka. Nimerudisha kila kitu, na saa saba mchana gari linakwenda utadhani linataka kushinda mashindano. Nimekwenda mpaka ng'ambo ya kijiji na kurudi, halijakohoa hata mara moja. Nimeagiza pampu nyingine Singida hata hivyo, ikija na lori la kwanza nitafunga.

30 Januari, Alhamisi

Nesi Cecilia amekuja nyumbani. Nilimwamkia, akaitikia, hakukaa. Amesema Kristina aende Itigi sasa, akasubirie huko, asubiri nini huku na mvua hizi. Kristina naye anataka kwenda. Nimewaambia pampu inakuja wiki ijayo, tutaondoka Jumamosi ya tarehe nane na gari zima. Nesi alinitazama akasema, "Sawa, baba. Gari ni lako, tumbo si lako." Nimekasirika, lakini kweli anayejua gari ni mimi.

7 Februari, Ijumaa. Itigi

Naandikia kwenye benchi nje ya wodi. Sijui naandika ili iweje.

Uchungu ulimshika Kristina juzi kabla hakujapambazuka. Nesi Cecilia alikuja na kanga juu ya kichwa, akamgusa tumbo, akaniambia, "Antipasi, washa gari sasa hivi." Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na baridi ilikuwa ya kuvaa koti. Gari likawaka. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Tukakaa watatu mbele, Kristina katikati, ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

Tulikuwa tumeshaingia porini lilipoanza kuishiwa nguvu. Nimeshaijua sauti yake, naijua kabla halijazima, na nilianza kutokwa jasho kwenye baridi ile.

"Limekuwaje?" Kristina akauliza.

"Hewa tu, mama. Dakika moja."

Nikatoa upepo. Likaenda kidogo, likazima. Nikafunga filta mpya niliyokuwa nayo. Likaenda, likazima. Nikapiga ile pampu ya mkono mpaka kiganja kikachubuka, na kila nikipiga nilikuwa naona jinsi inavyokuwa nzito, kama navuta uji. Simu haikuwa na mtandao. Kristina alikuwa ameacha kulia, ameng'ata kanga, na huko kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha. Nesi Cecilia alikuwa hanitazami. Nikapiga boneti ngumi. Nikalitukana gari, kisha nikamtukana Gerald kwa jina, dada yake akisikia.

Na Gerald ndiye aliyetokea. Alikuja na pikipiki, tope mpaka nyusi, amefunga dumu la dizeli kwenye kiti cha nyuma. Aliambiwa na majirani kwamba tumeondoka, akajua kwa baridi ile hatutafika mbali. Hakunisalimia, ndiyo mara ya kwanza maishani mwake. Alisema tu, "Shem, leta mpira."

Tuliweka dumu juu ya boneti, tukaleta mpira mpaka kwenye pampu, tangi tukaliacha kando. Nikawasha. Gari likanguruma sawasawa, bila kukohoa, kwa dizeli ya Gerald. Gerald akaiacha pikipiki kichakani, akapanda juu ya boneti, akalikumbatia lile dumu lisidondoke, akakaa hivyo mvuani mpaka Mitundu tulikopata kamba nzuri.

Tulifika Itigi jioni. Walimpokea mbiombio, wakamwingiza ndani. Daktari alipotoka alisema mama yuko salama, mama tu, na mimi nikajua. Alikuwa mtoto wa kiume. Daktari alisema mtoto alikuwa amechoka tumboni, na kwamba tungefika mchana ingekuwa habari nyingine. Hakusema kwa ubaya. Nilitoka nje nikakaa chini kwenye tope nikalia mpaka mlinzi akaja kunishika bega.

Gerald alikuwa amesimama karibu. Nikamwambia, "Shemeji, nisamehe. Si mafuta yako." Akasema, "Tutafungua tangi tukirudi, shem. Sasa twende kwa dada."

Leo Kristina amefumbua macho vizuri. Ameuliza mtoto anafanana na nani. Nimemwambia anafanana naye. Amelia bila sauti, muda mrefu, kisha akanishika mkono akasema, "Safari hii sikukosea kitu, Antipasi. Si ndiyo? Kwa wale wengine nilijilaumu, nilibeba maji, nililima. Huyu nilimwandalia kila kitu."

Nikamwambia hakukosea kitu. Gerald alikuwa amesimama mwisho wa kitanda.

9 Februari, Jumapili

Tumemleta mtoto nyumbani, mimi na Gerald. Kristina bado yuko wodini, shangazi yake amekuja kumuuguza. Gerald alimpakata njia nzima akiwa amefungwa kwenye kanga mpya ambayo mama yake aliinunua kwa ajili ya kumpokelea. Tulirudi kwa dumu lilelile juu ya boneti. Gari halikuzima hata mara moja. Nililichukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu.

Tumemzika karibu na wenzake.

12 Februari, Jumatano

Gerald amekuja asubuhi na mapema, kukiwa bado na ubaridi. Amesema tulifungue tangi kabla jua halijatoka. Tukalishusha, tukamwaga kilichobaki kwenye beseni.

Haikuwa dizeli niliyoizoea. Ilikuwa imeingia ukungu, na chini kulikuwa na utando mzito wa manjano, umejishika kwenye chujio la ndani ya tangi kama ukoko wa sufuria. Gerald akachota kidogo kwa kidole, akasugua, akanusa. Akaninusisha. Chini ya harufu ya dizeli kulikuwa na harufu ninayoijua tangu utotoni.

Nta.

Hapa kwetu hakuna asiyejua kwamba nta inayeyuka kwenye mafuta. Akina mama wa kikundi wanaiyeyusha kwenye mafuta ya taa kutengeneza dawa ya viatu, na anayewafundisha ni Kristina. Maji ya moto aliyooshea mapipa hayakuitoa nta ya miaka yote ile, yaliipaka tu ukutani upya, ikang'aa, ikaonekana safi. Dizeli ikakaa humo wiki baada ya wiki chini ya bati la moto, ikainywa taratibu. Jua likiwaka nta inakuwa maji, inapita kwenye filta bila kuonekana. Alfajiri ikija na baridi, inaganda na kuziba koo la gari. Na mimi kila nilipotengeneza, mpaka nimalize jua lilikuwa limeshatoka, nikadhani nimeponya mimi. Ile chupa yangu ya kipimo niliiweka juani! Ningeiacha nje usiku mmoja tu ningeona.

Gerald aligeuka akatazama mlango wa stoo, yalipo mapipa. Nikatazama na mimi. Tulikaa hivyo tumechuchumaa, beseni katikati yetu, na hakuna aliyelitaja jina lake.

Mwishowe akasema, "Dada asijue."

"Ataniuliza."

"Mwambie ni pampu."

Kisha akaenda kuazima mkokoteni, akayabeba mapipa yote mawili.

18 Februari, Jumanne

Kristina amerudi. Amekonda, anatembea ameshika ukuta. Majirani wamekuja wakakaa naye, wakaondoka. Tulipobaki watatu, mimi, yeye na Gerald, akauliza.

"Gari lilikuwa na nini?"

"Pampu," nikasema. "Ilikuwa imechoka. Nimeshafunga nyingine."

Akaitikia kwa kichwa, nikadhani yamekwisha. Lakini mtunza stoo ni mtunza stoo. Asubuhi ileile, kabla hata hajakaa, alikuwa ameshachungulia stoo.

"Na mapipa yangu yako wapi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali moja tu. Kristina akanitazama mimi, akamtazama mdogo wake, na niliona wazo linaanza kuja usoni mwake. Gerald naye aliliona.

"Nimeyachukua mimi, dada," akasema. "Mafuta yalikuwa mabovu. Shem anakuficha tu, ananionea aibu. Nilipouza nilijua yana maji."

Kristina akamgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniuzia mimi?"

"Nilidhani hayatadhuru."

Hakupiga kelele. Alisema, "Nilikubeba mgongoni, Gerald," akaingia ndani akafunga mlango. Nikaanza kuinuka nimfuate nikamwambie ukweli, potelea mbali. Gerald akanishika mkono kwa nguvu, akanong'ona, "Akijua ni yeye, shem, atakufa. Mimi akinichukia ataishi." Nikakaa chini.

Daftari nimelihamishia kwenye gari, nyuma ya kiti.

23 Februari

Kristina hali chakula kinachotoka kwa Gerald. Alileta samaki, akamrudishia mlangoni.

2 Machi, Jumapili

Kanisani Gerald alikaa mwisho kabisa. Habari imeenea, nadhani shangazi ndiye aliyeisema. Leo kibandani kwake hakuna mteja hata mmoja, wenye trekta wanaagiza dizeli Mitundu. Mtu mmoja aliniambia, "Pole, Antipasi, wewe ulituambia mapema kabisa tangu Desemba, hatukusikia." Nilitaka ardhi inimeze. Nilimdhania Gerald mwizi kwa miezi miwili bila sababu, na siku nilipojua thamani yake ndiyo siku niliyonyimwa ruhusa ya kuisema.

12 Machi

Mvua inapungua. Kristina amerudi stoo, anapokea ndoo. Anafanya kazi vizuri. Amelala usiku bila kushtuka.

20 Machi

Ameniambia, "Ningekuwa ni mimi niliyekosea, Antipasi, nisingeweza kuamka." Nikaendelea kukaza nati iliyokuwa imeshakazika.

29 Machi, Jumamosi

Gari linakwenda vizuri. Asubuhi, mchana, kwenye baridi, kwenye tope. Wenzangu wa kikundi wananisifu kuwa fundi. Nawaomba waniache.

6 Aprili, Jumapili

Leo wanaukoo wamesema tufanye misa ndogo kwa ajili ya watoto wetu watatu, kisha watu wale pamoja. Kristina alikubali, kisha akaniita pembeni.

"Kamwambie Gerald asije. Wala siku nyingine asikanyage hapa. Nenda sasa, kabla hajavaa."

"Ni mdogo wako, mama."

"Najua ni nani. Nenda."

Nilikwenda. Nilimkuta ameshavaa, shati jeupe limepigwa pasi, anapaka viatu rangi. Kibanda kiko wazi, rafu zimebaki na ndala tu. Aliinuka.

"Shikamoo, shem."

Nilimwambia nilichotumwa, neno kwa neno, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kulisema. Nikamwambia pia kwamba mimi nimechoka, kwamba leo mbele ya watu wote nitasema ya mapipa, na liwalo na liwe.

Gerald akakaa tena kwenye kigoda. Akauliza, "Anakula?"

"Anakula."

"Analala?"

"Siku hizi analala."

"Basi usiseme kitu, shem. Tafadhali." Akaanza kufungua vifungo vya shati, taratibu, kuanzia juu. "Mwambie nimesikia."

Nikarudi. Kristina alikuwa anakuna nazi na wanawake wenzake, akaacha mbuzi akanifuata uwanjani, anafuta mikono kwenye kanga.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Anasema amesikia."

"Hakujitetea?"

"Hakujitetea."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alisimama akitazama njia ya kwenda kwa mdogo wake. Kisha akasema, "Basi anajua alichonifanyia."

Nikamwambia ndiyo, anajua.